Kinu cha Athumani

Kigali, 22 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, ila asubuhi ukungu ukishuka kwenye vilima vya huku hunichukua kidogo, nikajiona nipo nyumbani Mkuyuni, kaka Athumani anakohoa uani huku anatafuta kandambili. Ukungu ukiondoka, naye anaondoka.

Mama, uliniuliza kwenye simu kama nakubali Shabani wa dada Mwajuma arithi jina la marehemu mjomba wake Athumani siku ya arobaini. Nikakwambia nitakuandikia. Najua ukoo wote umekubali, unanisubiri mimi niliyezaliwa baada ya marehemu, niliyemfuata ziwa. Lakini niliwaza, jina likishapata mtu mwingine, Athumani wangu nitamwita nani?

Ngoja nikusimulie ya wiki hii. Ile tovuti aliyowatengenezea wakulima wa viungo, tangu afariki hakuna aliyeigusa. Bado inaonyesha mdalasini ulioisha, na wanunuzi wa mjini wanapiga simu bure. Nikamwomba Shabani, aliyeachiwa kompyuta, anitumie mafaili. Nilipofungua nikakuta herufi zimebanana mstari mmoja mrefu, hazisomeki.

Nikampigia. "Shabani, umenitumia unga."

"Unga gani tena, mama mdogo? Hii kompyuta, siyo mashine ya kusaga!"

Nikamweleza kama Athumani alivyonifundisha mimi. Mtu huandika kurasa zake vipande vipande, kwa maneno yanayosomeka. Halafu kuna chombo ndani ya kompyuta, yeye alikiita kinu. Kinavitwanga vyote pamoja, kinatupa pumba, kinatoa kitu chepesi kinachofunguka haraka hata kwenye simu ndogo. Shabani alinitumia kilichotoka kinuni. Mimi nilitaka mahindi.

"Mahindi yapo," akasema baada ya kutafuta. "Ila mjomba kaandika-andika humu. Sikiliza: 'Picha hii kapiga mama. Kidole chake kimetokea pembeni, kiache.'"

Mama, nililia nikicheka. Maneno kama hayo kinu huyatupa kila kinapotwanga, kwa hiyo wanunuzi hawakuyaona hata siku moja. Yalikuwa ya kwake tu, na ya atakayeshika kazi baada yake.

Nikamwambia Shabani asinitumie tena, afanye mwenyewe, mimi niwe sikioni kwa simu. Akaondoa mdalasini, akaweka pilipili manga mpya, akatwanga. Mdalasini ukarudi.

"Mama mdogo, nimerogwa!"

"Hujarogwa. Umerekebisha kwenye unga. Kila ukitwanga, unga wa zamani unamwagwa. Rekebisha kwenye mahindi."

"Sasa si ungesema mapema? Wewe na mjomba wangu mna maneno ya mkato, mnadhani wote tumezaliwa na kompyuta kichwani!"

Alivyoguna baada ya hapo ni Athumani mtupu. Nilifumba macho. Sikujua niko Kigali au wapi, nilisikia tu vidole vikigonga, polepole, na jogoo wako akiwika nyuma yake.

Pilipili ilipotokea, akanitumia mafaili niyakague. Chini ya yale maneno ya kaka, Shabani ameandika: "Nimekiacha, mjomba. Shabani." Wote mmeshakubali aitwe Athumani, mama, lakini yeye hajajichukulia jina. Analisubiri apewe.

Basi mwambie mjomba Ramadhani, mkubwa wa ukoo, kwamba nimekubali. Kazini sikupata ruhusa ya kuja, lakini siku hiyo nitapiga simu na nitamwita Shabani kaka Athumani, hata ulimi ukikwama.

Msalimie dada Mwajuma, umwambie amelea. Msalimie shangazi Tatu na majirani waliokaa nawe msibani.

Mkimsomea marehemu dua, mnitaje na mimi.

Mwanao,
Zuhura