Askari Hawatapiga Risasi

2 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Kinyozi husimama kutwa.

Hapa mapinduzi yamehamia kwenye kiti changu. Vijikaratasi vya huko mjini vikifika, nasubiri mteja awe amenyolewa nusu kichwa, ndipo naanza kumsomea kwa sauti. Ataenda wapi? Hata jirani yangu fundi viatu, aliyekuwa akisema siasa ni kelele za walioshiba, sasa ananiomba nirudie. Huyo mwandishi ana maneno matamu! Kama hajaoa, mtazame vizuri.

Baba yako

9 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, na pole kwa goti. Huyo mwandishi hawezi kunioa, Baba, kwa sababu ni mimi. Tunachapa nyuma ya duka la vitambaa. Wino hautoki hata kwa sabuni.

Usicheke kwanza. Kijikaratasi cha wiki hii, kinachosema Jumamosi ijayo tutoke wote, askari hawatapiga risasi, usikisome. Sijui kama hawatapiga. Niliandika hivyo kwa sababu watu walikuwa wanaogopa. Nakuomba sana, Jumamosi ukae ndani.

Binti yako

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka wembe ukanidondoka. Laiti mama yako angekuwepo!

Lakini barua imechelewa. Nilikwisha kukisoma, tena kwa madoido. Keshokutwa mtaa mzima unatoka. Nikiwaambia leo si kweli, wataniuliza nimejuaje, na mwisho watafika kwako. Nami siwezi kuwatuma wenzangu nisikokwenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nitatangulia mbele.

Baba yako

17 Machi

Baba,

Redio inapiga muziki tu. Niandikie hata neno moja.

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima, tulia.

Walipiga. Kisha baadhi yao wakatupa bunduki chini, na wakubwa wakakimbia. Watu bado wanacheza barabarani, wanasema ni vile vijikaratasi vilivyotukomboa. Nakuonea fahari, mwanangu, sikufichi.

Fundi viatu hakurudi. Alikuwa ubavuni mwangu. Jana mkewe alikuja, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaniuliza ni nani aliyeandika kwamba hawatapiga.

Nilimwambia ni mimi. Ukija kumpa pole, usinikanushe.

Baba yako