Kombe Ndani ya Maji ya Rangi

Mahajanga, Jumamosi, 14 Machi 1981

Bibi yangu mpenzi,

Nakubusu mkono. Kabla ya kushika kalamu nimeapa kwamba leo nitakuambia yote, hata lile linalonitia aibu. Goti lako limepoa? Mama na kichanga chake hawajambo? Hapa kwa shangazi sisi wazima, ila mdogo wangu Salimu bado ana homa, na ukimshika mkono tu anatoka alama za buluu. Mimi situlii. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kukaa.

Naandika Kiswahili ulichonifundisha, maana hapa kutwa ni Kibuki, hicho Kimalagasi chao, na Kifaransa, naogopa kisije kikaniponyoka.

Jumatatu, hospitalini, daktari alimtoboa Salimu mfupa wa nyonga akavuta uboho. Nilikumbuka sharti lako siku tulipoondoka Ambanoro: "Sindano moja ya mfupa, basi. Wakitaka ya pili, mrudisheni." Salimu alinibana vidole mpaka vikafa ganzi, kisha akauliza, "Dada, imekwisha kweli? Niapie." Nikamwapia.

Uboho ule hupakwa kwenye vioo vyembamba. Anayevitia rangi ni Bwana Razafy, mtu wa bara, mnene, hapumziki kupiga mluzi. Vioo hukauka, huchovywa katika spiriti, halafu humwagiwa rangi iliyochanganywa na maji. Rangi ndiyo inayomwonyesha daktari kama ni saratani ya damu au ni ugonjwa mwingine. Msaidizi wake anaumwa, na aliponiona nimeganda mlangoni pa maabara akasema, "Wewe mlinzi! Shika ufagio au shika chupa." Nikashika chupa.

Hapo ndipo nilipokosea, Bibi. Alinituma chumba cha pili nikamletee maji aliyokwisha kuyapima. Mfukoni nilikuwa na kichupa cha kombe ulilotufungia, ile dua uliyoiandika sahanini kwa zafarani ukaiosha kwa marashi. Nikawaza: Salimu analinywa kila asubuhi, kwa nini uboho wake usipate? Nikatia vifuniko viwili katika yale maji, nikasoma Fatiha, nikampelekea.

Vioo vikatoka vyekundu vitupu, viini vya chembe vimefifia. Bwana Razafy aliinua kimoja dirishani, mluzi ukakatika. Daktari akatazama kwenye hadubini, akasema, "Havisomeki. Kesho tumtoboe tena." Salimu alikuwa kwenye benchi la ukumbini, akasikia. Hakulia. Alinitazama tu, mimi niliyemwapia.

Nilirudi maabara nikasema yote. Bwana Razafy akaichukua chupa yako, akainusa.

"Marashi! Mtoto, dua ya bibi yako iliandikwa inywewe. Kioo kina koo?"

"Hakina."

"Basi! Maji yangu nayapima ukali kwa karatasi mpaka yakubali, wewe unanitilia harusi nzima!"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alifungua sanduku la mbao. Kumbe ana desturi ya kutotia rangi vioo vyote siku moja. Vitatu vya Salimu vilikuwamo, vikavu, havijaguswa. "Mwalimu wangu alinichapa ili nijifunze hili," akasema. "Leo namshukuru, yule mzee mbaya."

Safari hii nilikaa mbali, mikono mgongoni. Vioo vilitoka zambarau safi. Aliponiruhusu kuchungulia niliona chembe kubwa zilizosongamana, zote za namna moja, hazikuziachia nyingine nafasi. Bwana Razafy hakupiga mluzi.

Ni saratani ya damu, Bibi. Daktari alituambia jana, mimi na shangazi, bila kuficha. Alisema dawa zipo, na wako watoto wanaopona nazo, lakini hakutuahidi. Itachukua miezi, sindano nyingi, na uboho utavutwa tena ili vioo vionyeshe kama dawa inafanya kazi. Baba tulimpigia simu kiwandani Dzamandzar. Akasema neno ni lako, kwa kuwa sharti uliliweka wewe.

Salimu hajui jina la ugonjwa wake. Anajua tu kwamba siku ya pili hakutobolewa, na anasema ni dua yako. Sikuweza kumbishia. Kombe limebaki funda moja. Ananikataza kumpa, anasema tuliweke mpaka jibu lako lije.

Mbusu Mama, na kichanga kwenye utosi. Baba mwambie Salimu anakula wali wake wote, ni kweli. Mwalimu wangu wa Kifaransa mwambie daftari ninalo na mtihani sijausahau.

Barua hii anakuletea jirani wa shangazi, fundi cherehani. Atarudi Mahajanga Jumatano, na daktari anataka kuanza Alhamisi. Mpe jibu mkononi mwake, hata neno moja.

Kwa hiyo ni mimi, mjukuu wako Zaina, niliyeyaharibu maji, ninayekuuliza: ulisema sindano moja, na hizi ni nyingi. Je, Bibi, abaki?