Faili la Chekechea ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Faili limeangukia mezani kwangu. Kati ya meza zote za ofisi ya barabara – kwangu! Ombi la kugeuza karakana ya samani iwe chekechea. Watoto sitini, mlango mmoja, kichochoro kisichotokea upande wa pili. Kazi yangu: kusema kama magari ya wazazi yatakiziba.

Mwombaji ni wifi yangu. Dada mkubwa wa mume wangu. Humu daftarini namwita Malkia. Nje namwita dada, meno yameumana.

Nilimwendea Bosi. Nikamwambia huyu ni wifi yangu, hatupikiki chungu kimoja, mpe mwingine. Mwingine nani, akasema, mwenzako yuko likizo ya uzazi. Akaniuliza tangu lini magari yakajua ukoo. Akacheka peke yake.

Haya. Miaka kumi na tisa nahesabu magari, sijamwonea mtu. Sitaanza na yeye, ingawa yeye angestahili.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kuiona karakana. Marehemu baba mkwe aliwaachia wawili, Malkia na mume wangu. Lakini ukimwona na huo mshipi wa funguo kiunoni utadhani kaijenga kwa mikono yake.

Hakunisalimu. Akamwambia fundi rangi, kwa sauti ya kunisikilizisha, kwamba kazi yangu ni kukaa kwenye kigoda njiani na kutazama magari ya watu, na mshahara napewa. Fundi alicheka mpaka brashi ikamponyoka. Mimi nikatoa tepu, nikapima kichochoro. Mita tano na nusu. Magari mawili yanapishana kwa kufinyana. Jirani ni muuza matairi, na malori yake nayo yanapita humo humo.

Ndani kuta zimeshapakwa. Vyoo vinne vidogo, vinanifika gotini. Masinki ya kimo cha mtoto. Madirisha yamefunguliwa, hewa tele. Pazuri, siwezi kusema uongo. Ndiyo imeniudhi zaidi!

Alhamisi, 6 Machi

Shule ambayo haijafunguliwa haina magari ya kuhesabu. Kwa hiyo unatafuta inayofanana nayo. Nimeipata moja upande wa pili wa mji, watoto sitini vilevile. Nimekaa getini saa moja hadi saa mbili asubuhi. Gari likiingia, mstari. Likitoka, mstari.

Manyunyu. Karatasi zimelowa pembeni. Baba mmoja kanifokea eti namtia nuksi. Mama mwingine kasimamisha gari katikati ya geti, kashuka, kaanza kumfunga mwanawe kamba za viatu, taratibu, kama wako sebuleni! Nyuma yake magari sita, honi juu ya honi. Mtoto katulia tuli kama jaji.

Jumla: mistari 84.

Nimefika nyumbani, simu ya mama mkwe. Amesikia nimempima mwanawe kwa tepu kama namchukulia vipimo vya jeneza. Malkia anatangaza nimeapa kummaliza. Sijaapa. Bado.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika ripoti, mkupuo mmoja. Kichochoro kile kinabeba safari 120 za ziada kwa saa ya asubuhi. Kuingia ni safari, kutoka ni safari. Za kwake: 84 za kuingia, 84 za kutoka. 168. Imepitiliza mbali.

Pendekezo: ombi likataliwe.

Nikanywa chai. Ilikuwa tamu, chai hiyo. Nikajiuliza kama ni haki kufurahi. Hesabu ni hesabu, kama inanifurahisha si kosa langu. Bosi katia sahihi bila hata kufunua ukurasa wa pili.

Jumatano, 12 Machi

Kamati ya vibali imekataa ombi. Saa tano Malkia yuko ofisini, mbele ya kila mtu, ananiita mchawi wa kalamu. Walimu wawili wameacha kazi zao kumfuata. Wazazi hamsini wameshaandikisha. Akauliza atawaambia nini, kwamba mke wa kaka amekosa usingizi kwa wivu? Nikamwambia rufaa mwisho ni Ijumaa ya tarehe 21, saa kumi alasiri, dirisha namba tatu. Nikamwambia kwa adabu zote. Nilijua inauma.

Rufaa isipopelekwa karakana itauzwa, anaichukua muuza matairi. Ameshaanza kupanga matairi ukutani, mshenzi yule.

Mume wangu hasemi na mimi. Anakula, anaosha sahani yake. Yake tu! Yangu anaiacha kwenye beseni.

Jumatatu, 17 Machi

Leo mume wangu kafungua mdomo. Kaniuliza kama niliirudia ile hesabu.

Niliwaka. Nilimwambia ukoo wao wote unanipanda kichwani tangu siku ya posa. Nilimwambia hata dada yake angefungua shule ya malaika ningehesabu vilevile. Kachukua taulo kaenda kuoga. Mtu unagombana naye anakwenda kuoga!

Kesho nazileta karatasi za getini nimbandike nazo usoni.

Jumanne, 18 Machi

Nimezileta. Ashukuriwe Mungu mume wangu alikuwa hajarudi.

Safu mbili, mwandiko wangu. Kuingia 42. Kutoka 42. Jumla 84.

Jumla! Kutoka kumeshahesabiwa humo. Nami nikaichukua hiyo 84 nikaizidisha tena kwa mbili. Safari zote ni 84. Kikomo 120. Inapita, na nafasi inabaki.

Nimekaa sakafuni. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na lilikuwa linanikodolea macho: watoto sitini, magari themanini na nne ya kuwaleta! Kila mtoto na gari lake, na mengine yanakuja matupu? Lingekuwa faili la mtu mwingine ningestuka hapo hapo, ningerudi kwenye karatasi. La Malkia nikalinywea chai.

Sikudanganya. Naandika tena: sikudanganya. Lakini sikutaka kuona.

Karatasi ziko chini ya godoro.

Jumatano, 19 Machi

Sijasema.

Bosi kanisifu mbele ya wenzangu, ripoti safi, imesimama. Nimemchukia. Malkia nimemchukia zaidi – kwani ilikuwa lazima awe hana kosa? Nikisema leo, nani ataamini nilipitiwa? Kosa moja kwa miaka kumi na tisa, na likaenda kuangukia kwenye faili la wifi yangu! Hata mimi nisingeamini. Kazi kwaheri.

Na nisiposema, ni siku mbili tu, muda wa rufaa umepita.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeaga ofisini kwa simu kwamba kichwa kinauma. Hakikuwa uongo.

Saa tatu asubuhi, hodi. Malkia, na mume wangu nyuma yake. Sijapata kumwona vile – hana wanja, khanga kaivaa ovyo, kakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni wa kuomba kazi. Funguo hana. Nikajiandaa. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, moja baada ya jingine.

Hakugomba. Alisema fomu ya rufaa inataka utaje namba gani kwenye ripoti si sahihi. Walimu wake walimshauri aandike kwamba nimezipika kwa chuki. Amekataa.

"Nimewaambia una roho mbaya," akasema, "na mbele yako nasema, roho mbaya unayo. Lakini namba huchezei. Ukisema mia sitini na nane, ni mia sitini na nane. Mimi siwezi kwenda kuweka watoto wa watu mahali pa kugongwa na magari."

Kwa hiyo rufaa hapeleki. Kaja na karatasi za kumuuzia karakana muuza matairi. Malkia ameshatia sahihi, imebaki ya mume wangu. Yule bwana anazifuata saa nne.

Ningependa angenitukana. Wallahi ningependa.

Mume wangu alizisoma zote, mpaka mwisho. Akaniangalia. Halafu akapapasa mfuko wa shati, akaniomba kalamu.

Nimekuja chumbani kuitafuta. Nimefunga mlango. Nimekaa juu ya godoro, karatasi za getini nazisikia zikikwaruza chini yangu kila nikijigeuza. Saa nne kasoro dakika kumi.

Mume wangu ameita. Ameita tena, kaniuliza kalamu haijaonekana tu?

Ninayo. Ndiyo hii ninayoandikia. Nimemjibu bado naitafuta.