Ngano Iliyofunga Ramadhani

Jomvu Kuu,
Mombasa.
2 Machi, 1963.

Mpendwa Mjomba Ishaka,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na baridi ya Njoro haikusumbui kifua. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Bibi, mama yako, magoti yamempa nafuu na siku ya Idi alizunguka nyumba zote za jirani kwa miguu yake. Nawe pia, Idi njema, ingawa nimechelewa.

Gunia la ngano ulilotuletea kwa bokoboko la Idi lilifika salama. Bibi alipoona punje zina rangi ya waridi alifurahi sana. Akasema, "Mwanangu ametuchagulia za harusi!" Lakini tulipoziosha, siku ya mwisho ya mfungo, nyingi zilielea juu ya maji, nyembamba, zimesinyaa. Bibi akasema, "Lo! Kumbe na ngano nayo imefunga Ramadhani!" Tulicheka mpaka Mama akamwaga maji.

Hata hivyo nilikumbuka barua yako ya Oktoba. Ulisema masuke mengine yamepauka na mengine bado ni ya kijani, ukadhani yamewahi kuiva. Nikafunga konzi moja kwenye leso, nikaenda Changamwe kwa mwalimu wangu, Bi Rispa, ambaye kwao bara wanalima ngano. Aliziangalia mara moja tu, akaniuliza, "Mmekwisha kula?" Nikamwambia bado. Akashusha pumzi.

Mjomba, ile rangi ya waridi ni dalili ya ugonjwa wa ukungu. Huingia kwenye masuke ngano inapochanua, mvua ikizidi, na huweza kuacha sumu ndani ya punje. Tulizifukia zote. Bibi aliuliza, "Hata kuku wangu wasile?" Nikamjibu, "Hata kuku, Bibi." Akaninunia mpaka magharibi. Idi tulipika pilau, na wageni walikula mpaka ukoko.

Sasa nikwambie lililo moyoni mwangu. Ulituandikia kwamba umeweka magunia manne ya ngano hiyohiyo yawe mbegu. Tafadhali usiyapande. Mwalimu anasema huota dhaifu, na unaweza kupoteza mavuno mara ya pili. Mwombe bwana shamba mbegu safi. Mabua ya zamani yalime yafukiwe chini kabisa, maana ukungu hukaa humo. Wala usipande ngano palipotoka mahindi, kwa kuwa ugonjwa huo hushika yote mawili.

Nilipomweleza Bibi kwamba nakuandikia, alisema wewe tangu utotoni huambiliki kwa mbali. Kisha yeye, asiyetaka msichana apande gari la moshi, akamwambia Baba, "Likizo ya Aprili mpeleke huyu akamsimamie." Tangu hapo situlii kwa furaha.

Mama, Baba na Shangazi Mwanasaumu wanakusalimu sana. Nisalimie mkaza mjomba Dhahabu. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako na kila inachokigusa.

Ningoje, Mjomba. Usitie hata punje moja ardhini mpaka nifike.

Mpwa wako akupendaye,
Mwanatabu