Oralia na Chumba cha Vijana

Sakixim, Carchá,
Alta Verapaz,
14 Novemba 2016.

Mpendwa mdogo wangu Matilde,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani huko Houston, na mgongo unaendeleaje na kazi ile ya kuinama kutwa? Unakula? Sauti yako kwenye simu ilikuwa imekauka kama ganda la muhindi. Sisi tunapumua. Mama anakohoa, lakini bado ana nguvu za kumtukana jogoo wa jirani. Manyunyu hayakomi, na iliki inaoza kabla hatujaianika.

Siku ya Watakatifu Wote tulikwenda kaburini kwa Rosaura. Tulimpelekea maua ya manjano na tamale, zile za maharage zilizofungwa kwenye majani. Mama alimwita kwa jina kama anavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Mimi nilibaki nikipanga maua upya, Matilde. Uliyemzaa ni wewe, niliyemlea ni mimi, na uchungu hauulizi nani alizaa.

Sasa nirudi kwenye maneno yako ya kwenye simu. Ulisema Chumba cha Vijana pale zahanati ndicho kilichomuua mwanao, kwamba kinawafundisha watoto uchafu, na kwamba mdogo wake Oralia asikikanyage. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unalia. Kwenye karatasi sinyamazi.

Rosaura hakupata mimba kwa kwenda pale. Alikwenda kwa sababu alikuwa nayo tayari, na miaka yake kumi na mitano. Yule mvulana wa kwa Mateo Choc aliyempa mimba alikuwa ameshakimbilia kwenye mashamba ya michikichi. Sisi hatukuona kitu. Wajua blauzi zetu zilivyo pana, zinaficha hata mtungi.

Alikwenda na Oralia, naye ndiye aliyenisimulia. Nesi hajui lugha yetu, na mkalimani siku ile alikuwa binamu wa mvulana mwenyewe. Nani angefungua kinywa mbele yake? Rosaura akaomba mkalimani atoke nje, akajikaza kwa Kihispania chake cha shule.

"Naumwa, nesi."

"Unaumwa wapi, mrembo?"

"Hapa tumboni."

"Dawa ya minyoo umekunywa lini?"

"Sikumbuki."

"Basi ndiyo hiyo! Meza hizi, utapona tu."

Umekaa ugenini miaka mingi, lakini hujasahau: kwetu mwenye mimba huitwa mgonjwa, na akijifungua tunasema amepona. Mwanao aliamini ameshatoa siri yake yote, na kwamba nesi amemhakikishia kujifungua salama. Nesi Julissa, mtoto wa mji mkuu, aliamini ametibu minyoo. Oralia anasema njiani Rosaura alikuwa anaimba.

Hakurudi tena zahanati. Arudi kufanya nini, na dawa ameshapewa? Miguu ilipovimba alisema ni viatu. Kichwa kilipomgonga alijifunga kitambaa. Alipoanguka jikoni akitetemeka, ndipo nilipoinua blauzi nikaona. Wanaume walimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata gari, lakini Cobán tulifika tumechelewa. Kifafa cha mimba, walisema, kitu ambacho kingegunduliwa mapema kwa kumpima presha. Tuliwazika pamoja, yeye na mtoto.

Siwatetei watu wa zahanati. Nina hasira nao mpaka leo. Nesi alipokuja matangani nilimgeuzia mgongo, hata kahawa sikumpa. Alikaa nje akinyeshewa mpaka Mama akamwita, "Ingia we mtoto, usije ukatufia na wewe." Tangu hapo mambo yamebadilika kidogo, hapa na hata vijiji vya Lanquín na Cahabón. Wameajiri wasichana wanaojua lugha yetu. Binti akisema anaumwa, anaulizwa kwa maneno yetu ni ugonjwa gani, tena faraghani, na presha anapimwa. Vyote hivyo vimekuja wetu akiwa ameshazikwa.

Juzi Oralia aliniuliza, mikono ikiwa kwenye unga, "Mama mkubwa, na mimi nikiumwa nitajuaje ni ugonjwa upi?" Nikamwambia ageuze mikate, inaungua. Mama alitujibu vivyo hivyo mimi na wewe, na Rosaura ulimpata ukiwa na miaka kumi na sita.

Kwa hiyo Alhamisi Oralia atakwenda kwenye Chumba cha Vijana kuuliza swali lake, na mimi nitakaa mlangoni. Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Kasirika ukitaka, usinipigie simu mwaka mzima, au funga mizigo uje unitukane mbele ya watu. Njoo. Utanitukana Oralia akiwa amekaa kati yetu, mzima, anakusikia.

Mama anakusalimu sana. Kaka Arnoldo na wifi yetu Eulalia pia. Mungu akutulize moyo, na Bwana wa milima na mabonde akulinde huko kusikokuwa na milima.

Wako akupendaye hata ukinuna,

Dada yako,
Elvira Tiul