Kremu Mbili kwa Atakayeona Ndege Wanapolala

Kiangazi kimezunguka mara moja, Papa Évariste, tangu tulipokuzika kwenye makaburi ya Kasha, na vumbi la mtaa wetu wa Bagira limerudi kukaa juu ya viti vyetu kama mwenye nyumba. Ulitutoka Julai ya mwaka 1990, baada ya homa ya siku nne, katikati ya likizo kubwa, majira uliyoyapenda kuliko hata Noeli.

Kalamu ameishika Placide, mwanao wa pili, ingawa mwenye maneno ni Emérence. Yeye, mzaliwa wako wa kwanza, alikataa kuandika. "Andika weye," alimwambia mdogo wake. "Miye nikiandika nitamugombeza papa mbele ya paroisse nzima. Na jina yangu usiweke." Kwa hiyo tunaanza kukuandikia bila kujua kama chini ya tangazo hili la kumbukumbu, litakalosomwa parokiani, patakuwa na jina lake au pengo.

Tuanze na mema, maana ni mengi na hatutaki kuyanyima haki yake.

Siku za kazi ulivaa abakosti, suti ile isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka viwiko vikang'aa, ukaenda ofisini, ukarudi. Ulikuwa agronomu, bwana shamba wa serikali. Tulipokuuliza kazi hiyo maana yake nini, ulijibu, "Nasaidiaka mupunga iote." Hatukuuliza zaidi. Nani humchunguza baba anayenunua kremu?

Jumapili ulikuwa mtu mwingine. Baada ya misa ya kwanza ulitupeleka kwenye kibanda cha Maman Marcelline, pale Nyawera, tukala kremu ya barafu yenye ladha ya marakuja, yaani pasheni. Yako uliimaliza kwa kuuma, kama mtu anayekula hindi la kuchoma, na mama yetu, Maman Agnès, alikuwa akikuonea haya mbele za watu. Kisha tulishuka mpaka mto Ruzizi unapotoka ziwani. Huko ulitufundisha kukaa kwenye majani bila kukohoa, tukawatazama minandi weusi wakikausha mabawa juu ya mawe, na wadiria wakisimama hewani kabla ya kujitupa majini. Mtoto aliyepiga kelele hakupigwa. Ulimwangalia tu, na hiyo ilitosha kumliza.

Miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa marufuku, na shuleni tuliitwa kwa majina ya mababu peke yake. Mtoni ulituita Emérence na Placide kwa sauti kubwa. Maman alipokuonya kwamba watu wa chama watasikia, ulicheka ukasema, "Ndege haiko na carte ya parti." Tulijivuna sana kuwa na baba asiyeogopa kusema kweli.

Na kila likizo kubwa ulitupakia mara mbili kwenye gari ya kazi, tukateremka milima ya Ngomo hadi uwanda wa Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga. Kremu ya Placide ilibaki Ngomo kila safari. Kona zile hazikuwahi kumhurumia. Emérence hakutapika hata siku moja. Alikaa mbele karibu nawe, darubini yako shingoni, maana macho yake yalikuwa makali kuliko ya sisi wote na ulipenda kuwaambia watu hivyo. Kule chini mchezo ulikuwa mmoja. Jua likianza kulegea ulituuliza, "Ndege zinalalaka wapi? Mwenye ataona wa kwanza atakula kremu mbili."

Mwaka wa sabini na tatu Emérence aliona. Alikuwa na miaka tisa. Aliliona wingu la ndege wadogo wenye midomo myekundu likija kutoka upande wa milima, likajikunja, likamiminika lote kwenye matete nyuma ya mfereji wa tatu. Aliruka akasahau sheria ya kunyamaza. "Papa, kule! Kwenye matete! Zote zinalala kule!" Ulichukua darubini ukatazama muda mrefu. Ukamwekea mkono kichwani. Placide alimwonea wivu hadi machozi, na leo anaungama hapa, sabini mara saba.

Jumatatu ulirudi Luberizi bila sisi, kazini. Ukakaa huko hadi Alhamisi. Jumapili iliyofuata ulimnunulia Emérence kremu mbili, ukasimama ukimtazama anavyozila. Wewe hukula. Ulisema tumbo linakusumbua. Na tangu wiki ile, Papa, hukula wali tena nyumbani kwako, hata wa harusi, hata wa Pasaka. Tulikutania kwamba agronomu wa mpunga anaogopa mpunga. Ukacheka pamoja nasi.

Kiangazi kilichofuata matete yalikuwa kimya. Emérence alishika darubini mpaka jua likazama. Akakuuliza ndege wako wapi. Nawe, Papa, ulimjibu bila kupepesa: "Zimehama. Ndege iko sawa na mutu, akichoka fasi yenye anakaa anahama. Zitarudia."

Akasadiki. Wewe ndiye uliyemfundisha kungoja, na mwanafunzi wako alikuwa hodari. Kila mwaka aliomba mteremke tena mpaka mfereji wa tatu, na kila mwaka ulikubali. Alipoolewa alikwenda na mume wake. Alipozaa alimbeba Colette mgongoni akamwonyesha yale matete, akamwambia, "Zitarudia," kwa sauti ileile uliyotumia wewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako ilikuwa viangazi kumi na saba, na ulikuwa ukiendesha gari mwenyewe.

Siku ya tatu ya matanga yako, mwaka jana, wageni walishuka kutoka lori, wanaume watatu wenye gunia. Mkubwa wao alikuwa Mzee Philémon, mkulima wa Luberizi. Alivua kofia, akasimama katikati ya ua, mbele ya majirani na wanakwaya, akaanza kusema. Tunayaandika maneno yake kama alivyoyatoa, kwa sababu Emérence anayajua kwa moyo.

"Bandugu, siye batu ya Luberizi tumeleta mupunga juu ya kumushukuru huyu papa. Mwaka ya sabini na tatu ndege zilikuwa zinamaliza mashamba. Watoto yetu walikuwa wanalala njala. Papa Évariste akakuya na batu ya dawa. Jioni moja tu bakapuliza kwenye matete, asubui ndege yote ilikuwa chini. Tulikuwa tunaziokota na vitunga! Tukamuuliza, papa, umejua je fasi zinalalaka? Akasema, ni mutoto yangu mwanamuke alionaka. Emérence. Kila mavuno tunasemaka ile jina. Leo huyu mutoto iko wapi? Tumupe mukono."

Wamama walipiga vigelegele. Kwenye matanga yako, Papa, vigelegele. Watu wakageuka, wakamsukuma Emérence mbele, na Mzee Philémon akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akilia kwa shukrani ya kweli. Emérence alisema, "Aksanti, muzee." Kisha akaingia jikoni, akakaa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, na hakutoka hadi mtu wa mwisho alipoondoka.

Maman alimfuata. "Ulikuwa na miaka kenda," alimwambia. "Papa angekuambia je mutoto wa miaka kenda?"

"Nilikuwa na miaka kenda mwaka moja tu, maman," Emérence alijibu. "Ile miaka ingine yote alikuwa anangoja nini?"

Maman alichukua ufagio akaanza kufagia. Jibu la swali hilo tumelitafuta mwaka mzima.

Usidhani hatuelewi. Watoto wa Luberizi walikula, na baadhi yao leo wana watoto wao wanaokula. Kazi ilikuwa kazi, na ndege hao hawana huruma na shamba la mtu. Kama ungemwambia Emérence hayo akiwa na miaka kumi na tano, angelia siku mbili kisha angeelewa, ndivyo alivyo. Kinachomchoma ni kwamba Luberizi walijua na yeye hakujua. Sifa uliipeleka kwa wageni, uongo ukaleta nyumbani. Ulilitumia jicho lake, ukamlipa kremu, halafu ukamwacha akingoja marehemu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo aliipenda kuliko zote.

Darubini ulimwachia yeye. Aliifungia kabatini na ufunguo akampa jirani.

Gunia la Mzee Philémon lilikaa pembeni mwa sebule mwaka mzima, hakuna aliyethubutu kulifungua. Wiki iliyopita, baada ya misa ya kukukumbuka, Maman alilikata uzi akapika. Mzee Philémon alikuwepo tena. Sote tulimtazama Emérence. Alijipakulia sahani iliyojaa, akala hadi punje ya mwisho, huku akimtazama yule mzee bila chuki. "Ni mupunga yangu pia," alisema. "Miye nilionesha." Mzee alicheka akidhani ni mzaha.

Tulidhani ameishia hapo. Lakini juzi Jumapili Colette, mjukuu wako, ambaye sasa ana miaka saba na macho uliyoyajua, alidai kremu na kwenda mtoni. Emérence alikwenda kwa jirani kuchukua ufunguo. Walikwenda wote watatu, yeye, Colette na Placide, kwenye majani yetu yaleyale pale Ruzizi. Hapo kwenye majani, mtoto akisubiri apewe darubini, Emérence alimwambia yote. Hakupunguza dawa wala vitunga. Colette alisikiliza akichezea uzi wa kiatu. Akauliza swali moja: "Kumbe hazitarudia?"

"Hazitarudia," Emérence alisema. Kisha akampa darubini.

Jua lilianza kulegea. Colette alitazama ng'ambo, akatazama tena, akakaza mwili wote kama mama yake alivyokuwa akifanya. Mdiria mmoja alikuwa ametoweka ndani ya shimo kwenye ukingo wa udongo, na wa pili akamfuata.

"Maman," Colette alinong'ona, kidole kimeshainuka nusu. "Nimeona fasi zinalalaka."

Emérence aliushika mkono ule upesi, akaurudisha pajani.

"Usinioneshe," alimwambia. "Hata miye. Bakia nayo."

Placide amemjua dada yake tangu kuzaliwa, na hajawahi kumwona akilia vile, wazi, bila kujifuta, watu wakipita. Colette hakuonyesha. Aliuminya mdomo wake njia nzima, na tulipofika Nyawera Emérence alimnunulia kremu mbili. Yeye mwenyewe akachukua moja, ya marakuja, akaila kwa kuuma.

Jioni alikuja mezani Placide alipokuwa akiandika, akasoma karatasi yote akiwa amesimama. "Jina yangu weka," alisema. "Lakini usiandike: nimesamehe. Andika: niko."

Basi, Papa, wako hapa wanaokukumbuka: mkeo, Maman Agnès Cibalonza, ambaye bado anapika ugali wako kwenye sufuria ndogo kwa kusahau; Emérence, binti yako, yuko; Placide, mwanao; Colette, mjukuu wako, anayejua mahali na hasemi; na Mzee Philémon pamoja na watu wote wa Luberizi, ambao Emérence mwenyewe ameagiza waandikwe.

Hatutakusahau, Papa, hata siku zile tunapotamani.