Kofi la Chumvi

Mama Athumani, mke wangu,

Salamu zangu zikufikie huko Ngomeni, nyingi kama chumvi ya majarubani kwetu. Goti lako lasemaje? Mimi mzima, ila baridi ya hapa Uingereza imenikaza maungo, hata nikirukuu kwenye sala nalia kama mlango usiotiwa mafuta.

Sasa kaa kitako. Mwanao amenipiga kofi. La mdomo! Mbele ya watu!

Ulinituma nije nitazame kama Athumani bado ni wetu, na kama Wazungu wameshamla, nimvute sikio nirudi naye. Jana akanipeleka chuo kikuu anakosomea. Huko wanabuni betri mpya. Wenzao wameng'ang'ania madini yaitwayo lithiamu, nayo ni haba. Wao wanataka kutumia madini yaliyomo ndani ya chumvi. Chumvi, mama! Miaka yote hii ughaibuni, kumbe mtoto kaja kusomea kitu tunachokikwangua nyuma ya nyumba!

Mwalimu wake, bibi mmoja wa miwani, akalitoa donge la madini hayo kwenye mafuta linamohifadhiwa, akalikata kwa kisu kama mche wa sabuni. Wewe wanijua: mimi sipiti penye chumvi bila kuionja nijue ni chungu au ni nzuri. Nikadokoa kipande, ulimi nishautoa.

Paa!

Kofi la mwanao! Kipande kikaruka, kikaangukia kwenye sinki la maji. Wallahi, kikawaka! Ndani ya maji! Kikakimbia huku na huku kikifoka, kisha kikalipuka, kofia yangu ikanitoka kichwani.

"Baba, hiyo si chumvi!"

"Si umesema imetoka kwenye chumvi?"

"Ungebaki huna ulimi!"

"Mamako angefanya karamu."

Hakucheka. Alipiga magoti pale pale sakafuni, akanibusu mkono huku analia. "Nimekupiga, baba yangu. Nipe radhi." Yule bibi akadhani kijana kashikwa na maradhi, akakimbilia kiti amkalishe.

Radhi nimempa. Na jibu lako ndilo hilo, mama: Wazungu hawajamla hata ukucha. Ameomba tumwache amalize betri yake, nami nimekubali. Kwa hiyo nitarudi peke yangu. Tafadhali usinifungie mlango.

Nisalimie dada yangu Mwanahamisi, muuza mikate, na shemeji Kombo anayenitazamia majaruba ya chumvi. Mwambie ile chumvi aipitie kwa adabu. Aliyemo ndani yake nimemwona.

Ni mimi mumeo, ambaye ulimi bado anao,
Shee